Penseli za Darasa la Pili

Nilipanga viti mia na arobaini
katika ukumbi wa mazoezi wa shule ya Valdarsa,
migongo kwenye kamba za kupandia, nyuso kwenye meza ya halmashauri.
Kona ya kushoto niliiacha wazi, mahali pa ndoo.
Theluji ya Machi inapoyeyuka juu ya paa
ndoo huhesabu: tone, kimya, tone.

Naitwa Deolinda. Mwaka wa kumi na mmoja nafagia hapa.
Kodi yangu hukatwa kabla sijaiona,
lakini kadi ya kijani ya mpiga kura sina,
kwa hiyo nilikaa benchi la wageni, nyuma,
pamoja na mwandishi wa gazeti la bondeni
na mtalii mmoja aliyedhani kuna tamasha.

Seraina, mkuu wa kijiji, akasoma hoja ya nne:
paa jipya, madarasa mawili,
mwalimu wa nusu siku kwa wanaochelewa kusoma.
Faranga laki tisa na elfu kumi.
Kodi ipande asilimia nne.
Akameza mate, akairudia taratibu,
kama anayemtajia mgonjwa bei ya dawa.

Risch akasimama. Ana ng'ombe thelathini, na watoto watatu humu shuleni.
"Naipenda shule," akasema,
nami nikajua papo hapo ataikataa:
watu wa huku hawatangazi wanachokipenda.
Akafuata Barbla, mjane, hana mtoto wala mjukuu:
"Nilifundishwa chini ya paa hilihili.
Lilikuwa likivuja hata wakati ule. Basi, jamani."
Makofi. Makofi mengi. Hata Risch alipiga.

Laiti wangeinua mikono saa ile!
Mikono ya humu naijua.
Wa mwoka mikate humtazama mteja kwanza,
wa mpangaji humtazama mwenye nyumba,
na hakuna mzazi anayetaka mwalimu wa mwanawe
amwone kaukunja wake.
Lakini sauti ikatoka safu ya tatu, haina mwenyewe:
"Kura ya siri."
Robo ya ukumbi ikaafiki. Sheria inadai robo tu.

Karatasi zilikuwepo, kalamu hazikutosha.
Seraina akanigeukia mimi, mwenye funguo.
Nikaenda darasa la pili, nikavuta mtoto wa meza,
nikaleta penseli arobaini za watoto,
fupi, zenye alama za meno.
Moja ina herufi nilizoziandika kwa mkono wangu: TELMO.
Ya mwanangu. Anachelewa kusoma.
Sijui ilimwangukia nani.

Ndipo nikawaona watu wazima
wakikinga karatasi kwa kiganja
kama wanaomficha jirani jibu la hesabu.

Ndiyo, sitini na mbili.
Hapana, sabini na moja.
Hakuna aliyeshangilia. Mtu alikohoa, ndoo ikasema tone.
Hoja ya tano, mashine ya kuzolea theluji,
ilipita kwa mikono, dakika nne.

Sikuwalaani. Niseme kweli:
nilikozaliwa, shule yetu waziri aliifunga kwa barua,
mistari mitatu na muhuri.
Mama aliisoma imebandikwa mlangoni
na hakuwa na mkono wa kuhesabu, wa ndiyo wala wa hapana.
Hapa angalau nina idadi.
Sabini na moja. Nao huwasalimu kila asubuhi,
wananijibu vizuri, wananiulizia mtoto.
Nimnunie yupi?

Nikakunja viti. Nikamwaga ndoo, nikairudisha konani.
Penseli zilitoka arobaini, zimerudi thelathini na nne.
Ya Telmo haimo.
Kesho mwalimu ataniuliza,
nitamwambia kijiji kiliziazima,
kilikuwa na neno la kuandika.
Penseli sita.
Haziko kwenye bajeti.